Sura ya Tano: Kupamba na Jamaa Zake Kusini ya Ruvuma

Katika vitenzi vingi ambavyo watu wa mwambao huvitumia kwa kazi ya kukipa kitu uzuri, kupamba ndicho chenye mawanda makubwa kuliko vyote, na mpaka wake ni mgumu kuliko yote kuuchora. Maana mtu hupamba bibi arusi na hupamba chumba chake, hupamba msikiti usiku wa Maulidi na hupamba jukwaa atakaloketi mgeni wa serikali, hupamba chombo kwa bendera siku ya sikukuu, hupamba maneno mbele ya kadhi, na, jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wa lugha hii walisikiapo mara ya kwanza, hupamba maiti. Mwenye haraka husema kuwa kitenzi chenye kazi nyingi namna hii kimekwisha kuchakaa, wala hakina tena maana ya kushikika. Mimi naona vingine. Naona kuwa ndani ya matumizi hayo yote imo shuruti moja isiyobadilika, nayo ni kwamba kinachopambwa kiko karibu kutolewa. Bibi arusi hutolewa kwa mumewe, chumba hutolewa kwa maarusi, msikiti hufunguliwa kwa umma uliokuja kumsalia Mtume, chombo hutolewa baharini, maneno hutolewa kinywani yakamwendee msikilizaji, na maiti hutolewa nyumbani kwake asirudi. Apambaye hushughulika na kitu ambacho, baada ya saa chache, hakitakuwa tena mikononi mwake.

Shuruti hiyo ndiyo inayokitenga kitenzi hiki na jamaa zake. Kunakshi, neno tulilolipokea kwa Waarabu, ni kukata au kuchora ndani ya mwili wa kitu chenyewe, na mlango ulionakshiwa hauvuliwi nakshi zake ila kwa randa au kwa moto. Kutarizi, ambako wengine hukuita kudarizi, ni kazi ya sindano na uzi katika kofia, kanzu na mito. Kutona ni kazi ya hina, nukta kwa nukta na mstari kwa mstari, na alama zake hukaa mkononi siku nyingi baada ya arusi kwisha. Kuremba huelekea mwili na nafsi ya mwenyewe, hata mtu akajiremba na asitoke nyumbani. Pambo, kwa upande wake, huwekwa na huondolewa. Aliyepambwa alikuwa mzima kabla halijawekwa, na mzima atakuwa likisha kuondolewa. Na aghalabu mikono iliyoliweka ni ya mtu mwingine. Vitatu hivyo, yaani mwenye kupambwa, mwenye kupamba na saa ya kutolewa, kikikosekana hata kimoja, Mswahili mwenye sikio zuri hutafuta kitenzi kingine.

Nimechagua kulipima jambo hili katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, tangu mlango wa mto Ruvuma mpaka kisiwa cha Ibo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wapenzi wa Kiswahili, tuzungumzapo mwambao, aghalabu huishia Mtwara, kana kwamba lugha ilifika ukingoni mwa mto ikakosa mtumbwi wa kuvukia. Na huko ni kuwadhulumu watu wa Palma, wasemao Kiswahili tangu enzi za babu zao, na Wamwani wa Mocímboa da Praia, Pangane, Matemo na Ibo, ambao lugha yao, Kimwani, ni ndugu wa karibu wa Kiswahili iliyochukua mengi kwa Wamakua na kwa Wareno. Ghuba ya Tungi, ulipo leo mji wa Palma, ilihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Unguja mpaka Wareno walipoitwaa kwa nguvu mwaka 1887. Na pembe ya Kionga, ambayo Wajerumani waliishika mwaka 1894, ilichukuliwa na Wareno mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu, ikathibitishwa kuwa yao kwa mkataba wa Versailles wa 1919. Mipaka ikahama, watu wakabaki na maneno yao. Sababu ya pili ni kwamba pwani hii imekuwa makao ya sanaa za mapambo kwa muda mrefu kuliko serikali yoyote iliyopata kuitawala.

Wareno wa karne ya 16 waliviita visiwa vya Kirimba kwa jina la Maluane, na kwa jina hilo hilo wakaviita vitambaa vilivyofumwa huko kwa pamba na hariri, vikatiwa nili mpaka vikawa na rangi ya samawati iliyokolea. Katika miaka ya 1520 waliishambulia Kirimba na kuipora; lakini ufumaji haukufa kwa shambulio hilo, na João dos Santos, padri wa shirika la Wadominikani aliyeishi katika visiwa hivyo mwishoni mwa karne ile, na ambaye kitabu chake kilipigwa chapa mjini Évora mwaka 1609, ni miongoni mwa waliotuachia habari za maisha ya huko. Vitambaa vya Maluane vilikuwa nguo za watu wenye hadhi, vikapelekwa bara na kusini kwa biashara. Na kwa hiyo tuna haki ya kusema kuwa, kabla majora ya viwanda vya Ulaya na Marekani hayajaufurika mwambao, watu wa visiwa hivi walikuwa wakiwapamba wenziwao wa mbali kwa kazi ya mikono yao. Wako wapendao kukiunganisha kitenzi chetu na jina la pamba, ambalo nduguye yumo katika Kiajemi. Nami, ingawa nauona uzuri wa fikira hiyo katika visiwa vilivyoishi kwa pamba, sijengi hoja juu ya kufanana kwa sauti peke yake.

Leo jambo la kwanza limwendealo machoni mgeni afikaye pwani hii ni nyuso za wanawake zilizopakwa musiro. Mti wenyewe wataalamu wa mimea huuita Olax dissitiflora, nao ni mdogo, huota katika misitu mikavu ya kaskazini ya Msumbiji. Vipande vya shina na matawi yake huuzwa sokoni vikiwa na magome yake. Anayeutengeneza huketi chini na kuweka mbele yake jiwe, ambalo Waswahili wa kaskazini wangeliita msio, akalitia matone machache ya maji, akakisugua kijiti juu yake kwa kukizungusha polepole mpaka rojo nzito, yenye weupe ulioingia umanjano, ikusanyike kando. Huichota kwa kidole akaipaka usoni, tangu paji mpaka kidevu, akiacha macho na midomo. Na baada ya muda rojo hukauka, ikashika ngozi, na kila mara mwenyewe anapocheka ikapasuka mistari myembamba pembeni mwa mdomo. Unguja wana liwa, na Ngazija wana msindzano, vyote viwili vikisuguliwa juu ya jiwe namna hiyo hiyo. Basi tunaona ukoo mmoja wa desturi uliotandaa pande zote mbili za bahari.

Wazee husimulia kuwa zamani musiro ulikuwa wa mwali hasa, msichana aliyewekwa ndani akifunzwa mambo ya utu uzima, apakwe siku hata siku mpaka ngozi yake ilainike, na siku ya kutoka aoshwe, avishwe, aonyeshwe. Angalia mpangilio huo. Musiro wa siku zile za ndani ulikuwa ni kupaka, na ungeuita kupamba ungekosea, kwa kuwa hakuna aliyetakiwa kuuona. Mapambo yalikuja baada ya kuuosha. Hata hivi sasa, mwanamke anayeshuka ufukoni maji yakitoka, ndoo mkononi, kwenda kuokota chaza na kombe, akiwa amejipaka musiro kujikinga na jua, watu husema kuwa amepaka, hawasemi kuwa amepambwa. Lakini mwanamke huyo huyo, jioni ya ngoma, huketi mbele ya mwenziwe, na yule mwenziwe, badala ya kuufunika uso mzima, humchora kwa musiro ule ule maua na nukta mashavuni na juu ya nyusi. Na hapo kitenzi hugeuka bila ya mtu kuagizwa. Mti ni ule, jiwe ni lile, uso ni ule. Kilichoongezeka ni mkono wa mwingine na safari ya kwenda mbele ya watu.

Ngoma niliyoitaja ni tufo, ambayo huchezwa na wanawake tangu Angoche na Kisiwa cha Msumbiji mpaka pwani hii ya kaskazini, nayo ilizaliwa katika kisomo cha Maulidi na mapigo ya matari. Wanawake hujipanga safu kwa safu, wamepiga magoti au wameketi, wakicheza kwa mabega, shingo na mikono, na wote wamevaa kapulana, yaani vitambaa vya kujifunga, za rangi moja na blauzi za mshono mmoja na vilemba vilivyofungwa kwa mtindo mmoja. Nimewasikia watu wakisema kuwa sare hiyo huua uzuri wa kila mmoja. Si kweli hata kidogo. Tufo haimtoi mwanamke mmoja mmoja. Hulitoa kundi, na kundi ndilo linalopambwa. Na ndiyo maana mchango wa kununua kapulana hutangulia mazoezi ya nyimbo, na asiyekuwa na kapulana ya mwaka ule hukaa pembeni hata kama sauti yake inawashinda wote.

Sarufi nayo hutoa ushahidi wake. Katika vitenzi vya kazi za mikono, Mswahili hupenda kumtaja mtenda: fundi amechonga, mama amesuka. Katika kupamba hupenda zaidi kauli ya kutendwa: amepambwa, pamepambwa, imepambwa, jicho liko kwa aliyepokea pambo. Kujipamba kupo, na si kosa, walakini katika vinywa vya wazee hubeba kivuli cha lawama, kwa kuwa aliyejipamba ameichukua kazi ambayo ilikuwa haki ya wengine kumfanyia. Kupambia ni kupamba kwa ajili ya mtu au kwa kutumia kitu, na kutoka hapo tunapata maua ya kupambia na karatasi za kupambia. Ila kauli ya kutendana imefungwa: wanawake wawili waliovishana vidani hatuwezi kusema kuwa walipambana, maana atakayesikia atafahamu kuwa walishikana kwa ugomvi au kwa vita, sharti tuseme kila mmoja alimpamba mwenziwe, na lugha, kwa njia hiyo, hututaka tuwataje wote wawili, mmoja mtoaji na mmoja mpokeaji, kila mmoja kwa zamu yake.

Sasa twende Ibo, mahali ambapo kitenzi hiki kina mambo mazito zaidi. Kisiwa hiki kilikuwa makao makuu ya Wareno katika pwani ya Cabo Delgado mpaka mwaka 1929, ambapo utawala ulihamia Porto Amélia, mji uitwao sasa Pemba; na katika majengo yake, mengi yakiwa yamebomoka na mizizi ya mikuyu ikishika kuta, kubwa ni ngome ya São João Baptista, yenye umbo la nyota, iliyokamilishwa mwaka 1791. Ndani ya ngome hiyo, karibu na lango, ndimo wanamoketi masonara wa fedha ambao kazi yao imeufanya Ibo ujulikane. Ujuzi wao unachanganya mikono ya Waarabu, Wahindi, Wareno na Wamwani wenyewe, na fedha waliyoifanyia kazi zamani ilitoka katika sarafu kuukuu, zilizoyeyushwa kwa kuwa hazikuwa tena na soko.

Fedha huyeyushwa katika kalibu juu ya moto wa makaa, ikamiminwa ikawa mche mwembamba, ikafuliwa juu ya fuawe. Kisha ncha yake huchongwa ipate kupenya katika tundu la chamburo, bamba la chuma lenye matundu yapunguayo upana moja baada ya jingine. Fundi huishika ncha kwa koleo akaivuta, akaipasha moto inapokakamaa, akaivuta tena katika tundu la pili na la tatu, hata mche ule uliokuwa na unene wa kalamu umekuwa uzi. Nyuzi mbili husokotwa pamoja, zikagongwa kidogo ziwe bapa, na ukingo wake ukaonyesha vijino vidogo ambavyo jicho huviona ukiuinua mwangani. Uzi huo ndio fundi aukunjao kwa kibano ukawa mduara, jani au ua, akaupanga ndani ya waya mnene uliokwisha kupewa umbo la herini au la kidani. Huunyunyizia lihamu iliyosagwa, kisha, akiwa ameshika mrija mdomoni, huupulizia mwale wa taa juu ya kazi yake, mfupi na mkali, na lihamu ikakimbia katika viungo vyote kwa mara moja. Akichelewa kuuondoa mwale, nyuzi huyeyuka, na kazi ya siku nzima ikawa tone.

Masonara hawa, wanapokieleza kilicho juu ya meza, husema kazi, husema mkufu, husema kikuku au kipini, na neno la pambo hulitumia adimu. Nami naona wako sawa. Kikuku kilicho mezani ni fedha iliyofanyizwa kwa ustadi. Huwa pambo kinapopita katika kiganja cha mtu na kutulia juu ya kifundo cha mkono wake. Kwa sababu hiyo hiyo hadhi ya vitu hivi haipimwi kwa uzito peke yake, bali kwa kumbukumbu ya aliyevivisha: kikuku cha mama, kidani cha posa, herini alizotobolewa nazo mtoto.

Lakini mwandishi wa Ibo hana ruhusa ya kusifu nyuzi za fedha na kunyamaza juu ya kuta zinazozizunguka. Utajiri uliojenga nyumba za Ibo, zenye baraza pana na nguzo nene, ulitoka kwa sehemu kubwa katika biashara ya watu; kutoka bandari hii, katika karne za 18 na 19, Wamakua, Wamakonde na wengine wa bara walipakiwa majahazini kupelekwa visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi na kwingineko. Na kitenzi chetu hakikukaa mbali na dhuluma ile. Nahodha Mwingereza Thomas Smee, aliyefika Unguja mwaka 1811, aliandika jinsi watumwa walivyotayarishwa kwa mnada: walisafishwa ngozi na kupakwa mafuta ya nazi mpaka wakang'aa, wakachorwa usoni mistari myeupe na myekundu, wakavikwa vikuku na vipuli vya fedha na dhahabu ambavyo havikuwa vyao, kisha wakatembezwa mbele ya wanunuzi. Vile vitatu vyote viko pale: aliyepambwa, mkono wa mwingine, na saa ya kutolewa. Nimelitafakari sana jambo hili, na nimefikia kuona kuwa kupamba, kwa nafsi yake, hakubebi wema wala uovu. Hubeba kutoa, na kutoa ndiko kuwezako kuwa ihsani au jinai. Msichana anayetolewa na jamaa zake kwa furaha, na msichana aliyetolewa sokoni na mwizi wake, walipakwa mafuta yale yale. Anayekitumia kitenzi hiki kwa wepesi, kana kwamba mapambo daima ni mambo ya furaha, na akumbuke vikuku vile vilivyovuliwa mara tu bei ilipokatwa.

Kutoka hapo si mbali kufika kwenye kupamba maiti. Katika mwambao wote wa Kiislamu, na kusini ya Ruvuma vile vile, maiti huoshwa kwanza, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Kisha hupambwa, yaani hutiwa pamba yenye kafuri na manukato katika matundu ya mwili, na huwekewa pamba na kafuri juu ya viungo vya sijida, paji la uso, pua, viganja, magoti na vidole vya miguu. Kisha hukafiniwa sanda, hufungwa, na hutolewa. Mgeni hudhani kuwa hapa tuna kitenzi kingine kilichofanana na kile kwa bahati tu. Kwangu mimi hapa ndipo kilipo safi kuliko pote, kwa kuwa aliyepambwa hana tena uwezo wa kujipamba, hana wa kumvutia, hana bei; na wale wanaompamba wanajua kwa yakini kuwa kazi yao itafunikwa mchanga kabla jua halijatua, na hata hivyo huifanya kwa utaratibu na staha, hawaruki kiungo hata kimoja. Viungo vilivyomgusia mtu ardhi katika sala zake ndivyo vinavyopewa pambo la mwisho. Watu wa dini hukumbusha kuwa Kurani, katika sura ya Al-Aaraf, huwaamrisha wanadamu kushika mapambo yao kila mahali pa ibada. Na ile sura ya 43, iitwayo Zukhruf, jina lenye maana ya mapambo ya dhahabu, huonya juu ya wale waliodhani kuwa dhahabu ya dunia ni ushahidi wa cheo mbele ya Mungu. Amri na onyo vimo katika kitabu kimoja, na mpambaji wa maiti hutii vyote viwili kwa kitendo kimoja.

Kupamba maneno nitakupitia kwa ufupi, kwa sababu watu wamekusema sana. Wengi siku hizi hufahamu kuwa ni kuficha uwongo; lakini mshenga aendaye kuposa hupamba maneno, mwombezi wa aliyekosa hupamba maneno, na hakuna aliyedanganywa, maana wote wawili, msemaji na msikilizaji, wanajua kilichofunikwa na kwa nini kimefunikwa. Chema chajiuza, husema wahenga, kibaya chajitembeza. Nami naukubali usemi huo sokoni, siukubali katika posa.

Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, yalipoanza mashambulizi ya waasi huko Mocímboa da Praia, pwani hii imeishi maisha ya kukimbia. Kimbunga Kenneth kilipiga tarehe 25 Aprili 2019, kikaezua Ibo na Macomia kwa usiku mmoja. Mocímboa da Praia yenyewe ilishikwa na waasi kwa mwaka mzima, tangu Agosti 2020 mpaka Agosti 2021. Na Palma ilivamiwa tarehe 24 Machi 2021. Mamia ya maelfu ya watu walihama, wengi wao kwa majahazi na mashua zilizojaa kupita kiasi, wakashukia katika ufuko wa Paquitequete mjini Pemba wakiwa na kile walichoweza kukichukua mikononi na kichwani. Mwanamke akimbiaye huacha kabati, kitanda na mikeka. Kilicho mkononi na masikioni mwake huenda naye. Hapo ndipo kikuku cha fedha huonyesha kazi yake ya pili, ile ambayo mabibi wameijua daima, ya kuwa akiba isiyohitaji benki, ya kuuzwa siku ya dhiki ili watoto wale. Wanaowacheka maskini kwa kupenda mapambo hawajawahi kukimbia usiku.

Na tuwasikilize wale wanaorejea, kwa kuwa kurejea kumeanza, kwa hofu na kwa kusitasita, na kila anayerejea ana nyumba ya kuisimamisha. Nyumba ya Kimwani ya mtindo wa zamani hujengwa kwa miti ya mikoko iliyofungwa kwa fito. Nafasi zilizo katikati hutomewa kwa mawe ya matumbawe na udongo. Ukuta hukandikwa, ukaachwa ukauke. Na mwenye uwezo huupaka chokaa, ambayo hutokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya tanuu ya magogo. Kusimamisha, kufunga, kutomea, kukandika, kuezeka, kupaka: kila hatua ina kitenzi chake, na hakuna anayevichanganya. Hata chokaa ikiwa nyeupe kiasi cha kuumiza macho, watu husema nyumba imepakwa. Neno lingine hungoja, pengine mwaka, pengine zaidi, mpaka mkeka mpya wa ukindu uliotiwa rangi utandikwe, kapulana zitundikwe ukutani na majani ya mnazi yafungwe mlangoni, kwa kuwa binti wa nyumba ile anaolewa, na jioni ile wakwe watapita mlango huo kuja kumchukua.